Deni la kila mtu, kesi moja: namna wafanyakazi wa Uganda wanavyodai mishahara kwa pamoja

Tuseme saiti moja ya ujenzi kule Namanve imefungwa na vibarua sitini hawajalipwa miezi miwili. Walipatana na mkandarasi shilingi 15,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Kila mmoja anadai 780,000. Kwa mtu aliyepanga chumba Kireka au Bweyogerere, hiyo ni kodi ya nyumba, ada ya watoto na chakula. Kwa wakili wa Kampala, haitoshi hata kufungua faili. Lakini wote sitini wakisimama pamoja deni linakuwa shilingi 46,800,000, na mkandarasi aliyekuwa hapokei simu anaanza kuzipokea.

Hesabu hiyo ndiyo inayowasukuma wafanyakazi kuungana: vibarua wa ujenzi, askari wa kampuni za ulinzi, wakata miwa wa Kakira na Kinyara, wachuma chai wa Toro, wafanyakazi wa mashamba ya maua ya Wakiso. Tatizo ni kwamba wengi huungana kwanza, wakaja kuuliza baadaye sheria inawatambua kama nani. Kesi za namna hii huanguka mara nyingi huku deni likiwa la kweli kabisa. Zinaanguka kwa sababu ya karatasi. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu karatasi zinazohitajika hazina ugumu kwa mtu aliyeelezwa mapema.

Pa kuanzia ni kwa afisa wa kazi wa wilaya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema anayedai kuvunjiwa haki zilizomo katika sheria hiyo apeleke malalamiko kwake. Mawakili wamebishana miaka mingi kama mtu anaweza kumruka afisa huyo akaenda moja kwa moja Mahakama Kuu, na mabishano hayo yamewala wadai wengi muda wao. Kibarua asiye na pesa ya kuchezea asijiingize humo. Aanze kwa afisa wa kazi. Huko huhitaji wakili, malalamiko yanaweza kuwa ya mtu mmoja au ya watu sitini, na afisa ana mamlaka ya kumwita mwajiri, kukagua madaftari yake, kupatanisha na kutoa uamuzi. Siku 90 zikipita bila uamuzi, mlalamikaji ana haki ya kulipeleka dai lake Mahakama ya Viwanda, ambayo ndiyo mahakama ya kazi ya Uganda. Ilianzishwa na sheria ya migogoro ya kazi ya 2006, ingawa ilianza kusikiliza kesi mwaka 2014. Jaji wake huketi na wajumbe, mmoja kutoka upande wa waajiri, mwingine upande wa wafanyakazi, na mwingine asiyefungamana na upande wowote.

Si kila wilaya ina afisa wa kazi wa kudumu, na kwingine kazi hiyo hubebeshwa afisa wa maendeleo ya jamii aliye na mambo mengine kumi mezani. Kwa hiyo yeyote anayepeleka malalamiko ahakikishe anabaki na nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Siku 90 huhesabiwa tangu siku hiyo, na bila muhuri hakuna cha kuhesabia.

Sasa tuje kwenye huko kuungana kwenyewe. Njia ya kwanza ni kushtaki bega kwa bega: majina yote sitini yanaandikwa kwenye hati ya madai, kila mtu ni mdai kamili, na kila mtu anawajibika kwa kesi yake. Kanuni za Mwenendo wa Madai zinaruhusu hivyo pale madai yanapotokana na tukio moja au mfululizo wa matukio, na yana swali moja la sheria au la ukweli. Wadai wanaweza pia kumpa mmoja wao idhini, kwa maandishi yaliyotiwa saini, asimame mahakamani kwa niaba yao.

Njia ya pili ni kesi ya uwakilishi, ambayo iko katika Amri ya 1, kanuni ya 8 ya kanuni hizo hizo. Hapa mtu mmoja au watu wachache wanashtaki kwa niaba ya wengi wenye maslahi yale yale, na majina ya wengine hayako kwenye kichwa cha kesi kama wadai. Lakini lazima kwanza waombe ruhusa ya mahakama, na mahakama ikikubali, wote wanaowakilishwa wapewe taarifa, ama mkononi ama kwa tangazo, ambalo kwa kawaida huwekwa gazetini. Anayewakilishwa akiona mambo hayaendi atakavyo, anaweza kuomba aingizwe mwenyewe kama mdai.

Njia mbili hizi huchanganywa kila siku. Watu watano wanafungua kesi na kuandika kwamba ni wao "na wengine 55", bila ruhusa, bila orodha, bila tangazo. Wakili wa mwajiri anasimama siku ya kwanza na kuomba wale 55 waondolewe, na mara nyingi anafaulu, wanabaki watano. Deni la milioni 46 limeshuka hadi 3,900,000 kabla shahidi yeyote hajafungua mdomo. Ni kweli kwamba Mahakama ya Viwanda haibanwi na kanuni za ushahidi kama mahakama nyingine za madai, na Katiba katika ibara ya 126 inazitaka mahakama zitende haki bila kushikilia mno taratibu. Lakini mwajiri ana haki ya kujua anadaiwa na nani, na hukumu ya kesi ya uwakilishi humfunga kila aliyewakilishwa, akishinda au akishindwa. Mtu hawezi kufungwa na kesi ambayo hakujua ipo. Ndiyo maana mahakama hazilegezi kamba sana katika jambo hili, na mimi naona ziko sahihi, hata kama matokeo yake huwaumiza wanyonge.

Njia ya tatu ni chama cha wafanyakazi. Kilichosajiliwa kinaweza kupeleka mgogoro kwa afisa wa kazi kwa niaba ya wanachama wake na kuufuata hadi mahakamani. Wafanyakazi wa mashamba makubwa wana chama chao, na juu ya vyama kuna miungano miwili ya kitaifa, NOTU na COFTU. Wenye chama kilicho hai wamebahatika, maana chama kina orodha ya wanachama, kina makato ya kila mwezi yanayoonyesha nani alikuwa kazini, na kina mtu anayejua njia ya kwenda mahakamani. Kibarua wa saiti, leo yuko Namanve na mwezi ujao Buloba, hana hayo.

Na kuna njia ya nne, ambayo ni kila mtu kufungua dai lake halafu mahakama ikaombwa iziunganishe kesi na kuzisikiliza kwa pamoja. Ni ndefu na ya gharama. Hutumika zaidi pale watu walipoachishwa kazi kwa nyakati tofauti.

Anayesoma habari za ng'ambo hukutana na kesi kubwa za Marekani ambako maelfu ya wafanyakazi hulipwa kwa mpigo. Hata huko kuna tofauti inayopotea kwenye vichwa vya habari. Chini ya sheria yao ya viwango vya kazi ya mwaka 1938, inayosimamia kima cha chini na malipo ya saa za ziada, mfanyakazi hahesabiwi katika kundi mpaka atoe ridhaa yake kwa maandishi. Katika kesi za kundi za aina nyingine, mtu huhesabiwa ndani moja kwa moja, na asiyetaka ndiye hujitoa. Uganda haina mfumo kamili wa aina hiyo ya pili kwa madai ya mishahara. Anayengoja kundi limbebe bila yeye kutia saini popote anangojea kisichokuja.

Neno zito katika kanuni ya 8 ni maslahi yale yale. Vibarua sitini walioajiriwa na mkandarasi mmoja, kwa mapatano yale yale, wakanyimwa ujira wa miezi ile ile, wana maslahi yale yale, hata kama mmoja anadai 780,000 na mwingine 690,000 kwa kuwa aliugua wiki moja ya siku sita za kazi. Tofauti ya kiasi haiharibu kesi. Kinachoiharibu ni kuchanganya madai. Mara kundi linapokuwa kubwa, kila mwenye kinyongo huja na chake: huyu aliachishwa kazi kwa matusi, yule aliumia kidole, mwingine makato yake ya NSSF hayakupelekwa. Yote yanaweza kuwa madai halali, lakini ya kuumia kazini yana sheria yake ya fidia, na ya kuachishwa isivyo haki yana muda wake, miezi mitatu kwa kawaida, ingawa muda huo unaweza kuongezwa kwa sababu ya maana. Madai ya kimkataba kama mshahara usiolipwa yana miaka sita dhidi ya mwajiri binafsi, na mitatu tu dhidi ya serikali. Ukiyatia yote kwenye kesi moja, mwajiri anapata mwanya wa kusema kwamba hawa watu hawafanani. Gawanyeni kundi kwa aina ya dai. Ni afadhali kesi tatu safi kuliko moja iliyovurugika.

Kuna jambo moja la Uganda linalofanya ushahidi kuwa mzito kuliko katika nchi jirani. Kima cha chini cha mshahara kilichopo kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na hakijabadilishwa. Bunge lilipitisha muswada wa kukirekebisha mwaka 2019, na Rais Museveni akakataa kuutia saini. Matokeo yake ni kwamba mfanyakazi asiyeweza kuonyesha alipatana kiasi gani hana kiwango cha sheria cha kukimbilia. Kenya au Tanzania, hakimu anaweza kufungua tangazo la serikali na kusema kwamba walau hiki alistahili kulipwa. Kampala, hakimu anataka kujua mlipatana nini. Shilingi 6,000 hainunui hata kilo moja ya nyama.

Basi orodha ndiyo kesi. Sisemi orodha ya majina tu. Kila jina liwe na namba ya kitambulisho cha taifa, kazi aliyoifanya, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, ujira uliopatanwa, kiasi alicholipwa, kiasi kinachobaki, na saini au dole gumba. Kisha pembeni, ushahidi wa mtu huyo. Mapatano ya mdomo yanakubalika kisheria, na mwajiri alitakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi ndani ya wiki 12. Asipofanya hivyo, kosa ni lake. Kibarua aliyeendelea kazini zaidi ya miezi minne mfululizo naye si kibarua tena machoni pa Kanuni za Ajira za 2011. Anastahili mkataba wa maandishi na haki zote zinazoambatana nao, likizo na notisi zikiwemo.

Ushahidi uko mahali ambapo wengi hawaangalii. Ujumbe wa pesa ulioingia kwenye simu unaonyesha tarehe, kiasi na jina la aliyetuma. Usiufute, na ukibadili simu omba taarifa ya miamala kwa kampuni ya simu. Sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2011 inaruhusu kumbukumbu za namna hiyo zitumike mahakamani. Taarifa ya akaunti ya NSSF ina jina la mwajiri aliyekuchangia na miezi aliyochangia, na tangu marekebisho ya 2022 kila mwajiri anapaswa kuchangia, awe na wafanyakazi mia au mmoja: asilimia 10 kutoka kwake, 5 kutoka kwa mfanyakazi. Picha ya daftari la mahudhurio, hata iliyopigwa kwa haraka, ni mali. Na daftari la shule la shilingi chache, ambamo kibarua aliandika kila jioni tarehe na saa alizofanya kazi, hupewa uzito kuliko maneno yaliyotungwa miaka miwili baadaye. Askari anayelinda geti saa 12 kwa siku, siku sita, anafanya saa 72 kwa wiki wakati kiwango cha kawaida cha sheria ni 48. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na siku za sikukuu mara mbili. Lakini ni nani atakayeziamini saa hizo bila kumbukumbu?

Kila mtu kwenye orodha lazima awe tayari kuthibitisha lake. Hapa ndipo kesi za pamoja hueleweka vibaya kuliko popote. Kuungana husaidia kuthibitisha mambo ya wote kwa mara moja: kwamba kampuni iliwaajiri, kwamba ilipatana 15,000, kwamba iliacha kulipa tarehe fulani. Haikuthibitishii siku zako wewe. Mashahidi watatu wakieleza yaliyowapata wote, mahakama inaweza kukubali kwamba mwajiri alikosa, kisha ikawapa pesa wale tu ambao jedwali lao limekamilika.

Halafu kuna lugha. Saiti na mashamba ya Uganda hukusanya watu wa Arua, Gulu, Mbale, Busia, wengine kutoka Kongo na Sudan Kusini, na Kiswahili ndicho kinachowawezesha kuelewana kazini. Makaratasi ya kesi yote ni ya Kiingereza. Sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma inasema anayeandika hati kwa niaba ya mtu asiyeielewa lazima aandike humo jina lake kamili na anwani yake, na aeleze kwamba alimsomea na kumfafanulia mwenyewe kabla hajatia dole gumba. Maelezo hayo ya mistari miwili yakikosekana, hati ya kiapo inaweza kutupwa, na ikiwa ndiyo iliyobeba idhini ya watu sitini, wote wameanguka nayo. Ukiombwa kutia dole kwenye karatasi, sema isomwe kwa Kiswahili au kwa lugha yako, kisha uangalie jina la aliyekusomea limeandikwa. Mama mmoja au mzee mmoja anayesisitiza hivyo mbele ya kundi huwaokoa wote.

Nani ashtakiwe? Swali hili hupuuzwa mpaka linapogeuka janga. Aliyekuita kazini ni supavaiza, aliyekulipa ni mkandarasi mdogo, bango la saiti lina jina la kampuni nyingine, na jengo ni la mtu wa tatu. Nendeni Idara ya Usajili, URSB, mkafanye upekuzi wa jina la kampuni. Mtajua kama imesajiliwa, jina lake kamili ni lipi na wakurugenzi ni akina nani. Jina la biashara lililoandikwa kwenye lori huenda si la kampuni yoyote.

Hofu ya kufukuzwa kazi ni ya haki, na sheria haijainyamazia: kupeleka malalamiko dhidi ya mwajiri, kushiriki katika kesi, au kuwa mwanachama wa chama si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Anayefukuzwa kwa hilo ana dai jipya juu ya lile la kwanza. Hata hivyo, wanaotangulia kutia saini mara nyingi ni wale ambao tayari wameondoka kazini, na walio bado ndani hujiunga wanapoona kesi imesimama. Wasiitwe waoga. Kama tangazo la uwakilishi limeandikwa vizuri, kwa kutaja kundi zima la waliofanya kazi kati ya tarehe fulani na fulani, nafasi yao ipo.

Kuhusu wakili, makubaliano ya malipo yawe kwa maandishi, na kila aliye kwenye orodha ayajue. Sheria ya Mawakili haitambui mapatano ya wakili kulipwa tu akishinda, wala wakili kununua sehemu ya dai la mteja wake. Anayewaambia vibarua kwamba hawatatoa hata senti na yeye atachukua nusu, anawaingiza katika mapatano yasiyosimama. Kwa wasio na uwezo kuna Platform for Labour Action, shirika linalosaidia wafanyakazi kisheria, kuna mradi wa msaada wa kisheria wa chama cha mawakili, na kuna FIDA, chama cha wanasheria wanawake, kwa wanawake. Jambo la kutia moyo ni kwamba Mahakama ya Viwanda haina mazoea ya kumtwisha aliyeshindwa gharama za mwenzake, tofauti na mahakama za madai ambako mshindi hulipwa gharama kwa kawaida.

Ushindi nao una kazi yake. Mwajiri akikata rufaa kutoka Mahakama ya Viwanda kwenda Mahakama ya Rufani, ni kwa hoja za sheria tu, lakini miaka inaweza kupita. Wazee waliofanyia kazi reli, posta na bandari za Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika 1977 wanalijua hilo. Mali ziligawanywa kwa mkataba wa 1984, na malipo ya wafanyakazi yakaendelea kudaiwa katika nchi zetu kwa miongo, wengi wao wakifia kwenye foleni. Kwa hiyo tangu mwanzo andikeni pia jina la mrithi wa kila mdai. Dai la mshahara halifi na mtu, ila familia italazimika kupata barua za usimamizi wa mirathi kabla ya kupokea chochote.

Kampuni ikifilisika kabla ya kulipa, kundi lipeleke madai yake kwa mfilisi haraka, kwa sababu mishahara ina nafasi ya upendeleo mbele ya wadai wa kawaida, lakini kwa anayejitokeza tu. Ikiwa mdaiwa ni serikali kuu, mali zake haziwezi kukamatwa na dalali wa mahakama. Kinachotolewa ni cheti cha amri, na mtu hungojea bajeti.

Na pesa zikitoka, zisipitie mkononi mwa mwakilishi. Ombeni hukumu iambatane na jedwali la majina na kiasi cha kila mmoja, na malipo yaende kwenye akaunti au simu ya mhusika. Wakili aliyepokea pesa za wateja anapaswa kuzitolea hesabu, na asipofanya hivyo kuna kamati ya nidhamu ya Baraza la Sheria ya kumpeleka. Mwakilishi aliyechaguliwa na wenzake hana kamati kama hiyo. Kinachomdhibiti ni karatasi ile waliyotia saini siku ya kwanza, kwa hiyo iandike waziwazi kwamba amepewa idhini ya kushtaki na kutoa ushahidi, na kwamba hana idhini ya kupokea pesa wala kukubali suluhu bila kuwarudia waliomtuma.